Nguo ya Kuombea Kazi

  Wenye madaftari wafungue ukurasa mpya. Kiongozi wa kila kikundi aandike ubaoni maneno haya manne: hisani, usaili, mlezi, kujitolea. Tutayaeleza moja moja tutakapoyafikia.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la watu wazima. Mama mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, binti yangu ameitwa mjini kwenda kuulizwa habari za kazi. Nguo aliyo nayo ni ile ya shambani. Je, wanaajiri mtu au wanaajiri gauni?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Nilimwambia kwamba swali lake linahitaji somo zima. Basi, somo lenyewe ndilo hili.

Kazi kwanza au nguo kwanza?

Mtu aombaye kazi huitwa mbele ya wakubwa wa kazi ili aulizwe maswali. Kuulizwa huko huitwa usaili. Wakubwa hao hawamjui. Wana dakika chache tu za kumtazama na kumsikiliza. Akiingia na nguo iliyochakaa, huenda wakamdhania kuwa hajali kazi, kumbe hana fedha.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Bila nguo nzuri, kazi ni vigumu kuipata. Bila kazi, fedha ya kununua nguo haipatikani. Mwanamke huzunguka hapo hapo kama ng'ombe wa kinu. Hana ujinga wala uvivu, ila amekosa mtu wa kumfungua kamba.

Fedha za urithi

Katika mji wa New York, nchini Marekani, alikuwako msichana jina lake Nancy Lublin. Alikuwa mwanafunzi wa sheria. Babu mzaa babu yake, aliyefika Marekani akiwa mhamiaji, alimwachia urithi wa dola 5,000. Nancy angeweza kuzitumia kwa haja zake. Lakini aliwaendea watawa watatu wa Kikatoliki waliokuwa wakisaidia maskini mjini humo, wakashauriana naye. Mwaka 1997 kikaanzishwa chama cha hisani kiitwacho Dress for Success.

Hisani ni wema utendwao bila kutaka malipo. Chama cha hisani, basi, ni chama cha kutenda wema huo kwa utaratibu. Kazi ya chama hiki ni kumpa mwanamke suti ya kuvaa siku ya usaili. Akipata kazi, hurudi kupewa nguo nyingine za kumwezesha kuianza. Tangu hapo chama kimeenea katika miji mingi ya Marekani na ya nchi nyingine.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni Joi Gordon. Alikuwa mwanasheria wa serikali katika mtaa wa Bronx, huko huko New York. Aliona habari za chama hiki katika televisheni, akachukua suti zake mwenyewe akazipeleka. Baadaye akawa kiongozi wa chama kwa miaka mingi. Tazameni: alianza kwa kutoa nguo kabatini mwake tu.

Jinsi kazi ifanyikavyo London

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Kipo huko chama cha namna hiyo kiitwacho Smart Works, kilichoanza kutumia jina hilo mwaka 2013. Kina vituo London, na pia katika miji kama Edinburgh, Leeds na Birmingham.

Mwanamke haingii tu kutoka barabarani. Wengi hupelekwa na ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi, au na chama kingine kinachowajua. Wengine wametoka gerezani. Wengine wamekimbia waume wenye kuwapiga. Wengine wameomba kazi mara nyingi wasijibiwe hata barua moja.

Akifika hupokewa na wanawake wanaojitolea. Kujitolea ni kufanya kazi kwa hiari bila mshahara. Hao humuuliza anaomba kazi gani, kwa maana nguo ya benki si nguo ya hospitali. Humchagulia nguo, viatu na mkoba, naye hujitazama katika kioo. Baada ya hapo huketi na mtu mwingine anayejua mambo ya ajira, akafundishwa jinsi ya kujibu maswali ya usaili. Kwa hiyo havishwi tu, bali hufundishwa na kusema.

Nguo zile haziazimwi. Ni zake kabisa. Wazee wetu walisema: Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye kuazima huketi akiogopa doa, na moyo wake hautulii. Aliyepewa nguo ikawa yake hufikiri juu ya maswali anayoulizwa.

Watu wenye majina

Tumefika katika neno mlezi. Mlezi wa chama si mwenyekiti wala mweka hazina. Ni mtu mwenye heshima au sifa ambaye hukikopesha chama jina lake, ili watu wakijue na kukiamini.

Mwezi wa Januari 2019 ilitangazwa kwamba Meghan, mke wa Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili, amekuwa mlezi wa Smart Works. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari hiyo. Watu ambao hawakuwa wamesikia jina la chama sasa walilisikia.

Mlezi huyu aliona tatizo moja. Watu walileta nguo kwa moyo mwema, lakini hazikulingana. Pengine makoti yalikuwa mengi ya kipimo kimoja, na mwanamke mnene au mwembamba asipate lake. Kwa hiyo mwezi wa Septemba 2019 alishirikiana na wenye maduka na washonaji, yaani Marks & Spencer, John Lewis, Jigsaw na Misha Nonoo. Walitoa nguo chache za kazini: shati, suruali, koti na gauni, pamoja na mkoba. Mpango ulikuwa kwamba kila mteja akinunua kitu kimoja dukani, kitu cha namna hiyo hiyo hupewa chama. Wateja kumi wakinunua mashati kumi, mashati kumi huenda kwa wanawake wanaotafuta kazi.

Mwaka 2020 Meghan na mumewe waliacha kazi za ukoo wa kifalme wakahamia Amerika. Hata hivyo aliendelea kuwa mlezi wa chama hiki.

Faida na hatari ya jina kubwa

Jina kubwa lina faida. Huvuta macho ya watu. Huwafungua mikono wenye maduka. Tena humpa moyo mwanamke aliyedhani amesahauliwa.

Lakini jina kubwa lina hatari yake. Magazeti huweza kuandika kurasa tatu juu ya gauni alilovaa mlezi, yasiandike mstari mmoja juu ya mwanamke aliyepata kazi. Tena sifa hupanda na kushuka. Chama kinachotegemea jina la mtu mmoja tu ni kama nyumba yenye nguzo moja. Jina haliwezi kupiga pasi, wala kupima viatu, wala kumtuliza mtu anayelia mbele ya kioo. Kazi hizo hufanywa na watu ambao magazeti hayawataji. Wazee walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi, mama yangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Waajiri humwajiri mtu. Lakini nguo humfungulia mlango ili wapate kumwona mtu huyo. Binti yako ajifunze kujibu vizuri. Hilo ndilo la kwanza. Nanyi wanadarasa wenzake msicheke tena. Miongoni mwenu yuko mwenye gauni zuri asilolivaa, yuko mwenye cherehani, na yuko aliyewahi kufanya usaili. Mkikutana hao watatu, binti atakwenda mjini akiwa tayari.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini Smart Works hutoa nguo, haiazimishi?
2. Mlezi wa chama hufanya nini? Ni kazi gani asiyoweza kuifanya?
3. Andikeni sentensi moja yenye neno "usaili" na moja yenye neno "kujitolea".
4. Katika kijiji au mtaa wenu, nani anatafuta kazi sasa, nanyi mwaweza kumsaidia kwa jambo gani?

Swali la nne msilijibu kwa kalamu tu. Kwaherini mpaka somo lijalo.