Sumu Isiyotaka Maji: La Kufanya Kemikali Hatari Inapomwagika

Sifa zote njema anastahiki Allaah, na Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.



Sisi Waislamu tumelelewa na maji. Mtoto akizaliwa anaogeshwa, anayetaka kuswali anatawadha, maiti anakoshwa, na nguo iliyoingia najisi inatiwa maji mpaka itwaharike. Ndiyo maana kitu kibaya kikimwagika sakafuni au ghalani, mkono hukimbilia ndoo kabla akili haijafika. Mara nyingi mkono huo hufanya sawa. Lakini zipo kemikali ambazo maji hayaziondoi bali huziamsha, na kwa kemikali hizo ndoo moja ya maji inaweza kuua watu wa nyumba nzima. Leo tunataka kuzungumza juu yake, kwa sababu baadhi yake haziko viwandani tu. Zimo katika maduka yetu, katika vyombo tunavyosafiri navyo na katika stoo za majumba yetu.

Kilichotokea Amarillo

Mwanzoni mwa Januari 2017, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas nchini Marekani, familia moja ilitiliwa dawa ya sumu chini ya nyumba yake. Harufu ikawakera. Mmoja wa watu wa nyumba hiyo akachukua mpira wa maji akaiosha dawa ile, akikusudia kuiondoa. Maji yakaifanya itoe gesi kwa wingi, gesi ikapanda ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Watoto wanne walifariki, na wengine katika familia wakalazwa hospitali.

Tukitafakari kisa hiki tunaona kwamba aliyemwaga maji hakuwa na nia mbaya, wala hakufanya jambo la ajabu. Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Kilichokosekana ni ujuzi mmoja tu, nao ni kuwa sumu ile haitaki maji.

Dawa ile ilikuwa na kemikali iitwayo alumini fosfaidi. Hii ndiyo iliyomo katika vile vidonge vya kijivu vinavyotumika kuhifadhia nafaka, vinavyotiwa maghalani kuua fukusi na dumuzi. Kidonge kikiwa kikavu ndani ya kopo lililofungwa, kimetulia. Kikipata unyevunyevu, hata ule wa hewa, huanza kutoa gesi ya fosfini kidogo kidogo, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu. Ukikitia maji, gesi iliyotakiwa itoke taratibu kwa siku kadhaa hutoka kwa mkupuo. Fosfini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, mahali ambapo watoto hucheza na watu hulala. Inaweza hata kuwaka yenyewe. Wengine huisikia ikinuka kama kitunguu thomu au samaki aliyeoza, lakini mtu asiitegemee pua yake. Gesi inaweza kuwa na madhara kabla hajasikia harufu yoyote. Na hakuna dawa maalumu ya kuipoza sumu yake. Daktari humsaidia mgonjwa kupumua na moyo wake kuendelea.

Wazee wetu waliijua kanuni hii

Jambo hili si geni kwetu. Aliyewahi kuona tanuu la chokaa anajua kwamba mawe ya matumbawe yakishachomwa hutoa chokaa ambayo haijazimwa. Ikitiwa maji hutokota, hutoa mvuke na joto la kuunguza ngozi. Mafundi waliojenga nyumba za mawe hawakuiendea ovyo. Waliizima kwa utaratibu, wakakaa mbali nayo ilipokuwa ikichemka, na mtoto hakuruhusiwa kusogea.

Basi kemikali zisizotaka maji ni jamaa za chokaa hiyo, ila kila moja ina tabia yake. Chokaa isiyozimwa hutoa joto. Kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji ili wapate gesi, hutoa gesi inayowaka na kuripuka. Alumini fosfaidi hutoa sumu. Na zipo kemikali za viwandani ambazo hutoa vyote viwili, joto na sumu.

Usiku wa Bhopal

Mfano mkubwa wa hizo za viwandani ni msiba wa Bhopal, nchini India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984, maji yaliingia katika tangi la kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide India. Ndani ya tangi mlikuwa na tani 40 hivi za kemikali iitwayo mithaili aisosayaneti. Maji na kemikali vilipokutana, joto likapanda, shindikizo likazidi, gesi ikafumka na kutanda juu ya vitongoji vya watu waliolala. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa tangu miezi ya kabla, na mnara wa kuunguzia gesi haukuwa ukifanya kazi. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787, na watu zaidi ya nusu milioni waliguswa na gesi ile. Wako ambao mpaka leo hawajapona vifua na macho.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba wengi hawakuambiwa. King'ora cha kuwaonya wananchi kililia kidogo kisha kikanyamazishwa. Watu walitoka majumbani wakakimbia bila kujua sumu iko upande gani, wengine wakakimbia pamoja na upepo, yaani pamoja na gesi yenyewe. Madaktari walipokea maelfu ya wagonjwa bila kujua wamevuta nini.

Kwa hiyo katika Amarillo na katika Bhopal, nyumba moja na mji mzima, kilichoua ni maji na kutojua. Maji yakishaingia hatuna uwezo nayo. Kutojua tunaweza kukuondoa leo.

La kufanya sumu inapomwagika

Kwanza, usitie maji, wala usipige deki, wala usifagie. Ikiwa hujui kilichomwagika ni kitu gani, kichukulie kuwa hakitaki maji mpaka ajuaye akwambie vyengine. Ikiwa mvua inakaribia au maji ya ngama yanaingia kwenye shehena, usishughulike kuokoa mali. Okoa watu.

Pili, watoe watu wote, watoto kwanza. Msirudi ndani kufuata simu wala pesa.

Tatu, tazameni upepo. Manahodha wetu wana neno zuri, goshini, yaani upande upepo unakotoka. Nendeni goshini. Ikiwa kufika huko ni lazima kupita kwenye gesi, uendeeni upepo ubavuni mpaka mtoke katika njia yake, kisha mpande goshini. Msikae mabondeni wala kwenye mashimo, kwani gesi nyingi kati ya hizi hukaa chini. Kitambaa na barakoa ya kawaida havizuii gesi, basi visikupe ujasiri wa kurudi.

Nne, piteni mkiwaambia majirani. Kipaza sauti cha msikiti ni neema kubwa katika wakati kama huo. Imamu au muadhini akipata habari ya uhakika, atangaze kwa maneno machache: kitu gani, kiko wapi, watu waelekee upande gani.

Tano, waiteni zimamoto na muwaambie mliyoyaona. Kopo au gunia likiwa na namba ya tarakimu nne, wasomeeni kwa mbali mkiweza. Alumini fosfaidi ni 1397 na kabaidi ni 1402. Mkiona alama ya almasi ya buluu yenye moto na namba 4, hiyo maana yake ni hatari kinapolowa. Semeni hivyo mapema, kabla mpira wa maji haujafunguliwa. Moto wa vitu hivi huzimwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu, na hiyo ni kazi ya wenye vifaa.

Aliyeguswa na sumu

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwani tumesema maji hapana, na sasa tutasema maji ndiyo. Tofauti ni hii: maji hayatiwi kwenye rundo la kemikali, lakini mwili wa mtu ulioguswa nayo huoshwa, baada ya kuondoa unga mkavu kwanza.

Mtolewe mgonjwa kwenye hewa safi. Avuliwe nguo zilizoingia unga, na unga uliobaki upanguswe kwa kitu kikavu bila kuupeperusha. Kisha amwagiwe maji mengi yanayopita, si kujipangusa kwa maji ya beseni. Macho yasisubiri chochote: yaoshwe kwa maji yanayotiririka si chini ya robo saa. Nguo zibaki nje, zisiingizwe ndani ya gari wala chumbani.

Ikiwa mtu amemeza kidonge, asipewe maji, asipewe maziwa, wala asitapishwe. Tunajua maziwa ndiyo dawa ya kwanza katika majumba mengi, lakini unyevu wowote huizidisha gesi tumboni. Akimbizwe hospitali, na kopo la dawa au jina lake lipelekwe pamoja naye. Na aliyevuta gesi asiachiwe kulala nyumbani kwa sababu amesema amepata nafuu, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Suala la sitara

Hapa huja suala la haki: je, mwanamke avuliwe nguo mbele za watu? Tunasema kuwa kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sharia, na dharura huruhusu lile ambalo katika hali ya kawaida limezuiwa, kwa kiasi cha dharura hiyo tu. Nguo iliyojaa sumu ikibaki mwilini inaendelea kumdhuru. Basi avuliwe, na wanawake wamhudumie mwanamke wakiwapo, na shuka au kanga safi ishikwe kama pazia, na asiyehitajika aondoke au ageuke. Wanawake wasipokuwapo, asiachwe afe kwa kuwasubiri. Na anayesimama kupiga picha za simu hana udhuru wowote.

Na ikiwa Allaah amekadiria mauti, maiti asipelekwe moja kwa moja kwa waoshaji. Daktari aulizwe kwanza. Mafaqihi wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy wametaja kuwa maiti asiyeweza kukoshwa, au ambaye kumkosha kunahofiwa kumdhuru mwoshaji asiyeweza kujikinga, hufanyiwa tayammum. Kwa hiyo daktari aseme hali ya hatari, na masheikh wa mahali hapo waseme hukumu. Familia isibebe jambo hilo peke yake.

Amana ya mwenye duka na nahodha

Ndugu zetu wafanyabiashara, muuzaji wa vidonge hivi anabeba amana. Kuvitoa kwenye kopo lake na kumfungia mteja vitatu vinne ndani ya karatasi ni kumnyima yule mama habari ambayo ingeliokoa nyumba yake. Mnunuzi hajui jina, hajui kwamba havitaki maji, na kesho akiona vumbi lake sakafuni atachukua tambara bichi. Uza kopo na maandishi yake, na useme kwa mdomo: si dawa ya ndani ya nyumba wanamolala watu.

Na mwenye kupakia kabaidi, chokaa isiyozimwa au dawa za nafaka katika chombo akaandika kuwa ni bidhaa mchanganyiko, amemdanganya nahodha na abiria wote. Nahodha aliyeambiwa ataweka mzigo pakavu, mbali na ngama na mbali na watu. Asiyeambiwa ataumwagia maji ukianza kufuka moshi.

Nanyi wazazi, jambo la kufanya leo kabla ya kulala ni dogo. Tazameni stoo. Kopo la vidonge likiwamo, litolewe nyumba ya kulala, likae pakavu, limefungwa, mbali na watoto. Msitupe mabaki chooni, kisimani wala baharini, kwani huko kote ni maji. Muulizeni bwana shamba au aliyekuuzieni namna ya kuyarudisha. Andikeni namba za zimamoto na hospitali nyuma ya mlango. Na muwafundishe watoto sentensi moja: si kila kilichomwagika kinaoshwa.

Tunamuomba Allaah Awarehemu waliofariki kwa misiba hii, Awaponye waliobaki na maradhi, Atujaalie elimu yenye manufaa na Ahifadhi majumba yetu, vyombo vyetu na watoto wetu. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.