Lori Likifungwa Tabo, Mafuta Nayo Yapimwe



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya malori na pumzi zao. Katika nchi yetu ya pwani, kutoka Bunju mpaka Mapinga, na kutoka Bagamoyo kwenda Saadani, lori ndilo mchukuzi wa mchanga, wa nazi na wa chumvi. Wako wenye malori ya zamani yaliyotoka kiwandani bila tabo, nao wamesikia kwamba yaweza kufungwa tabo ya msukumo mdogo, yakapata nguvu ya kupanda milima. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini aghalabu mtu huuliza bei ya tabo, wala haulizi habari za mafuta. Na mali yake yote i katika injini ile.

Kwanza yafaa tujue jinsi injini inavyopumua. Injini ni kama jiko: haliwaki kwa kuni peke yake, bali kwa kuni na hewa pamoja. Tutwae mfano wa injini ya dizeli ya lita 4.2, kama ile ya Toyota iitwayo 1HZ. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Basi injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zote hujazwa mara 1,500. Zidisha 4.2 kwa 1,500, utapata lita 6,300. Hewa hiyo yatosha kujaza mapipa 31 ya lita 200, nayo huvutwa kwa dakika moja tu!

Lakini hewa si nzito sawasawa kila mahali. Lori likitoka Bagamoyo, likapita Makurunge na Msata, likafika Mombo na kupanda mpaka Lushoto, hufika penye urefu wa meta 1,400 hivi juu ya bahari. Huko hewa imepungua kwa kadiri ya sehemu 15 katika mia. Pampu ya mafuta ya kawaida haina habari hiyo, humimina kipimo kilekile cha pwani. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hayaungui yote, na mabaki yake hutoka kuwa moshi mweusi. Dereva huona moshi, na injini haina nguvu.

Dawa ya upungufu huo ilifikiriwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Moshi utokao katika injini, wenye moto na kasi, huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa kijiti cha chuma na gurudumu la pili, nalo huvuta hewa safi na kuishindilia katika silinda. Tabo ya msukumo mdogo huongeza kama ratli 5 kwa inchi ya mraba, kwa kipimo kilekile tunachopimia upepo wa mipira. Hewa ya pwani yenyewe husukuma kwa ratli 14.7. Basi tumeongeza theluthi moja.

Je, hewa nayo imeongezeka theluthi? La. Kila aliyepata kujaza baiskeli upepo ajua kwamba pampu hupata moto. Maana hewa ikibanwa huchemka, na ikichemka hutanuka. Kwa hiyo theluthi ya msukumo hutupa hewa zaidi ya kiasi cha sehemu moja katika tano tu. Kipimo hiki ndicho kitakachotuongoza katika mafuta.

Hapa yapasa tutenganishe petroli na dizeli, kwa kuwa petroli huharibiwa na uchache wa mafuta, bali dizeli huharibiwa na wingi wake.

Injini ya petroli yataka kilo karibu 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na ikibeba mzigo mzito yataka mafuta zaidi, hata kilo 12 za hewa kwa moja. Hewa ikiongezwa na petroli isiongezwe, moto hulipuka kabla ya wakati wake, nawe husikia mgongano kama wa nyundo. Pistoni hutoboka au kuyeyuka. Tena hatari hii huja mlimani, wakati lori limeshiba mzigo. Pampu ya zamani ya kabureta husukuma ratli 4 au 5 tu. Tabo nayo ikisukuma ratli 5 ndani ya bakuli la kabureta, mafuta hayawezi kuingia. Kwa hiyo yatakiwa pampu yenye ratli zake za kawaida, na za tabo juu yake, na akiba kidogo. Penye nozeli za petroli, kirekebisha msukumo lazima kiunganishwe na bomba la hewa, ili kila ratli ya tabo ijibiwe na ratli ya mafuta. Wala mtu asidhani kwamba kuzidisha msukumo wa pampu ni dawa ya kila kitu: kupata mafuta mara mbili katika nozeli ileile, huhitaji msukumo mara nne. Afadhali kufunga nozeli kubwa zaidi.

Katika dizeli mambo ni mengine. Pampu ya nozeli husukuma kwa nguvu nyingi mno, hata ratli 5 za tabo si kitu mbele yake. Ukifunga tabo usiguse mafuta, injini haidhuriki. Moshi hupungua, na mlimani yale mafuta yaliyokuwa yakipotea huungua. Nguvu huongezeka kidogo. Anayetaka zaidi ataongeza mafuta, lakini asipite ile sehemu moja katika tano. Akizidisha, moshi mweusi hurudi na joto hupanda. Basi na afunge geji ya joto kabla ya tabo, katika njia ya moshi; mafundi wengi huweka mpaka wa digrii 700 za sentigredi. Likidumu juu ya hapo, kichwa cha silinda huweza kupasuka. Iko pia pampu yenye ngozi ya mpira iongezayo mafuta pale tu tabo inaposukuma, nayo ndiyo bora.

Kabla ya hayo yote, tazama njia ya mafuta tangu tangi. Pwani yetu ina unyevu, na tangi lisilojaa hukusanya maji usiku. Kikombe cha kutega maji kimwagwe mara kwa mara. Kichujio kiwe kipya, na mabomba yasiwe na mikunjo wala ufa. Jihadhari na dizeli ya madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa hailainishi pampu. Kwa ajili ya udanganyifu huo EWURA ilianza kutia mafuta alama mwaka 2010.

Basi mwenye lori atakapokwenda kwa fundi, aulize mambo manne. Injini ni nzima, haivuji pumzi? Tabo itasukuma ratli ngapi? Mafuta ya ziada yatatoka wapi, nayo yatapimwaje? Geji itafungwa mahali gani? Fundi akijibu yote kwa hesabu, kazi na ianze. Akisema, “Tutasikiliza mlio tu,” yafaa kutafuta mwingine. Wahenga walinena: mtaka yote hukosa yote. Nguvu kidogo iliyopimwa hufikisha chumvi Lushoto na kurudisha lori Bagamoyo.