Maji ndani ya ponti ya nyuma: namna ya kuyatambua mbele ya meno kuharibika

Ndugu wanakoperative, msimu wa mvua ukifika, kamyoneti zetu za bonde la Ruzizi na za barabara ya Uvira kwenda Baraka zinapita ndani ya mito na madimbwi karibu kila juma. Shofere akivuka salama, anashukuru na kuendelea na safari. Lakini siku ile ile maji kidogo yanaweza kuingia ndani ya ponti ya nyuma, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, bila mtu kujua. Gari itatembea vizuri wiki kadhaa. Kisha siku ya kupakia mpunga inaanza kulia huko nyuma, na hapo meno yamekwisha kulika. Kubadilisha mafuta ni kazi ya lita chache. Kubadilisha meno na rulema ni pesa ya mavuno.

Maji yanapita wapi? Wengi wanafikiri lazima ponti iwe imepasuka. Hapana. Ponti ikitembea inapata moto, na hewa ya ndani inapanuka. Kwa juu kuna kitundu kidogo cha kupumulia, chenye kofia ya chuma au mpira mrefu, na hewa inatokea hapo. Sasa gari ikiingia mtoni na moto wake, ponti inapoa ghafula, hewa inajikunja, nayo ponti inavuta pumzi. Kama kitundu kimezibwa na matope, itavuta kupitia mipira inayozuia mafuta, pale kwenye magurudumu na pale shafti inapoingia. Kumbe inanyonya maji yenyewe! Ndiyo maana mbele ya kuvuka maji marefu ni vizuri kupumzisha gari kwanza, hata kama abiria wananung'unika.

Ili kuchunguza, laza gari usiku mzima mahali palipo sawa, bila mzigo. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo mengi yatashuka chini. Asubuhi, mbele ya kuwasha moteri, fungua kwanza buloni ya juu, ile ya kujazia. Juu ya nini si ya chini? Kwa sababu ukimwaga mafuta yote halafu ile ya juu ikakataa kufunguka, utajazia wapi?

Mafuta yanapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Yakitoka mengi, na hakuna aliyeongeza, basi kuna kitu kimeingia. Chovya waya safi. Mafuta mapya yana rangi ya asali. Ya zamani ni meusi, na weusi peke yake si alama ya maji. Alama ya maji ni rangi ya chai ya maziwa.

Kisha legeza buloni ya chini kidogo tu, bila kuitoa, ukinga kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Kama maji yako, yatatangulia ndiyo mafuta yafuate. Buloni hiyo mara nyingi ina sumaku. Uji laini wa kijivu juu yake ni kawaida. Kutu au vipande vya chuma, hapo muite fundi.

Ukiwa bado na mashaka, dondosha tone moja juu ya kibati chenye moto, mbali na gari na mbali na esansi. Mafuta masafi yatatoa moshi tu. Yenye maji yatalia na kuruka sawa na chumvi kwenye makaa. Linda macho.

Kuna wanaoacha mafuta yatulie ndani ya bido, kisha wanayarudisha. Sisi hatukubali. Maji yaliyokwisha kuchanganyika hayatoki yote, na dawa inayolinda meno imeharibika. Mwaga yote, weka mapya (mara nyingi ni 80W-90 ya GL-5, lakini kitabu cha gari ndicho kinaamua), tembeza kilomita 10 mpaka 20 bila mzigo, uangalie tena. Yakiwa bado na maziwa, rudia.

Na msiishie hapo. Ukiacha kitundu kimeziba, mto unaofuata utaharibu mafuta mapya vilevile. Kisafisheni, ao mvalishe mpira mrefu na kuupandisha mpaka karibu na mdomo wa tanki. Mafuta yakionekana ndani ya gurudumu la nyuma, mpira wa pale umekufa na breki iko hatarini: gari isibebe mtu mpaka ibadilishwe.

Gari iliyosimama ndani ya mafuriko, kama yale ya Uvira ya mwezi wa 4 mwaka 2020, haingojei dalili. Fanyeni vidanji ya ponti siku hiyo hiyo, na mafuta machafu yafungwe ndani ya bido, yasimwagwe shambani wala mtoni.