Umeshikwa na baridi ya Uingereza? Beba matufaha ya bure, upike krambo

Umetua Uingereza mwezi wa Septemba, masweta mawili kwa begi, na mathe amekukumbusha mara kumi ukule vizuri. Wiki za kwanza mambo ni poa. Halafu Oktoba inaingia. Majani yanageuka rangi, yanaanguka, na Jumapili ya mwisho ya mwezi saa zinarudishwa nyuma. Ikifika Novemba, saa kumi na moja jioni London ni giza tayari, na Nairobi ni saa mbili usiku, watu wako mezani wanakula bila wewe. Manze, hapo ndio upweke huanza kubisha mlango.

Sasa ukitoka, angalia chini. Nje ya mageti mitaani utapata maboksi ya matufaha na karatasi imeandikwa uchukue bure. Nyumba nyingi kule zina mti wa tufaha nyuma, na msimu huu mti mmoja unaeza zaa kuliko familia inaweza kula. Najua msee wa Nairobi akiona kitu cha bure anashuku kwanza. Hii usishuku. Beba.

Kitu cha kufanya nayo ni apple crumble. Sisi tutaiita krambo na tusonge. Ni matunda yaliyokatwakatwa, juu yake unamwaga mchanganyiko wa unga, siagi na sukari unaofanana na makombo ya mkate, halafu unaoka. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma, hakuna kupima mayai. Kama umewahi kuaibishwa na chapati, hii haitakuaibisha.

Waingereza waliizoea sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Januari 1940 serikali yao ilianza kugawa siagi na sukari kwa kipimo, na mgao wa chakula uliisha kabisa 1954. Krambo inafunika matunda juu pekee, kwa hivyo inakula unga na mafuta kidogo kuliko pai yenye ganda juu na chini. Yaani hii ni dishi ya watu waliosota, na ndio maana inakufaa.

Unahitaji nini (watu sita)

Matufaha kilo 1. Unga wa ngano gramu 200, ule tu wa chapati. Siagi gramu 100, iwe baridi kutoka kwa friji. Sukari gramu 100 ya juu, na nyingine kidogo ya matunda. Chumvi ya kuonja. Mdalasini kijiko kidogo kama unao.

Huna mizani? Unga ni kama kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe. Kumbuka tu hesabu hii: unga mara mbili, siagi moja, sukari moja. Ukiishika hiyo, unaeza pikia hata mtaa mzima.

Sasa pika

1. Washa oveni nyuzi 180. Kama ni ile ya feni, 160.

2. Menya matufaha, toa mbegu, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Yale yaliyoanguka na kugongwa yako sawa, kata tu pale pameharibika. Lakini likiwa limeoza au lina ukungu, tupa lote.

3. Weka vipande kwa bakuli la oveni. Kama ni Bramley, lile tufaha kubwa la kijani lenye uchachu, mwagia sukari gramu 75 hivi. Kama ni Gala au tufaha lingine tamu, vijiko viwili vikubwa vinatosha, na ukamulie limau. Nyunyiza mdalasini.

4. Kata siagi vipande vidogo, weka kwa unga na chumvi. Sugua kwa ncha za vidole mpaka ifanane na makombo. Changanya sukari.

5. Mwaga juu ya matunda bila kushindilia. Oka dakika 40 hadi 45, mpaka juu iwe kahawia na uone juisi ikichemka pembeni. Ngoja dakika kumi kabla ya kula, hiyo juisi inachoma vibaya.

Mbona siagi iwe baridi?

Hapa ndio wengi huchapa. Siagi ngumu inafunika chembe za unga na kuziacha zikiwa mbali mbali, ndio maana juu inakuwa na vibonge vya kuvunjika mdomoni. Ikiyeyuka mapema, unga unashikana na unapata kitu kama biskuti moja nzito. Vidole vikipata joto, rudisha bakuli kwa friji dakika kumi, uendelee. Na ukishindilia, mvuke wa matunda unakosa pa kupitia na chini ya unga panabaki mbichi.

Kuhusu Bramley, mti wa kwanza ulitokana na mbegu iliyopandwa 1809 huko Southwell, Nottinghamshire, na msichana anaitwa Mary Ann Brailsford. Tunda likapewa jina la Matthew Bramley, mwenye bucha aliyenunua hiyo nyumba baadaye. Aliyepanda hakupata hata jina. Ukila, mkumbuke.

Na sisi tulio nyumbani?

Baridi yetu ni Julai, na Limuru haijawahi kuomba ruhusa. Tumia peasi, maembe yakiwa kwa msimu, au matufaha ya mama mboga. Bila oveni, tumia jiko ya makaa: weka mawe madogo ndani ya sufuria kubwa, juu yake bakuli la bati lenye krambo, funika kwa kifuniko bapa. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kwa sababu juu ndio panataka kukauka. Chungulia baada ya nusu saa. Lakini jiko ikae nje. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi watu hulala nayo kwa keja iliyofungwa na hawaamki.

Wewe wa ughaibuni, oka jioni ya giza. Mdalasini ukianza kunukia, nyumba itakuwa na mtu ndani hata kama ni wewe peke yako. Kula bakuli moja na kastadi ya moto, halafu gawa inayobaki. Moja mpelekee yule jirani mwenye mti, ambaye mmekuwa mkisalimiana kwa kichwa tu. Mwambie ni matufaha yake. Atafungua mlango.