Toroli, Gari Moshi na Njia ya Nachingwea

Reli za mwanzo za Uingereza nyingi zilikuwa watumishi wa maji, kwa kuwa makampuni ya mifereji, yaani njia za maji zilizochimbwa ili mashua zibebe mizigo, yalitandika vyuma kutoka migodini hadi ukingoni, na farasi wakavuta magari juu yake. Mwaka 1804, huko Wales, injini ya mvuke ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma hadi kando ya mfereji wa Glamorganshire, lakini vyuma vya kusubu vya njia vikavunjika kwa uzito wa injini hiyo. Ndiyo maana Kampuni ya Mfereji ya Monmouthshire, ilipoingiza mvuke katikati ya karne hiyo, ililazimika kuzijenga upya njia zake.

Kusini mwa Tanzania, nafasi ya mfereji ilishikwa na hori la Lindi, mahali Mto Lukuledi unapokutana na bahari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitandikwa hapo, kutoka Mingoyo kuelekea Masasi, reli nyembamba ya upana wa sentimita 60, ambayo matoroli yake yalisukumwa na watu. Na ni haki kukumbuka kwamba nguvu iliyoipandisha mizigo bara ilikuwa mabega yao.

Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulipoanza mwaka 1947, ukikusudia kulima mashamba makubwa Nachingwea, njia ya namna hiyo isingefaa kitu. Ilijengwa reli mpya ya upana wa mita moja, sawa na Reli ya Kati, yenye tuta, madaraja na mataruma, yaani magogo yanayoshika reli, ya kuhimili injini ya mvuke. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori lilelile, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Ruangwa, jirani wa kaskazini, haikupata reli. Bandari ya Mtwara, ambayo reli hiyo iliunganishwa nayo, ilifunguliwa mwaka 1954, na tawi la reli la Masasi mwaka 1958.

Reli hiyo haikudumu, lakini kasoro haikuwa katika mvuke. Karanga hazikustawi kama ilivyotazamiwa, na serikali ya Uingereza iliuvunja mpango mwaka 1951 baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36, hivyo reli iliyopimwa kwa shehena kubwa ikabaki na mizigo michache. Ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa, na leo korosho za Nachingwea na Ruangwa husafirishwa kwa malori hadi Mtwara.