Reli iliyo kichwani mwako

Kabla ya kuwa jina la stesheni, Syokimau lilikuwa jina la mwanamke. Wakamba husimulia kwamba mtabiri huyo aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini, miaka mingi kabla ya reli kujengwa. Stesheni yenye jina lake ilifunguliwa Novemba 2012, na leo vijana wa mtaa humpanda nyoka huyo kwenda kazini na chuoni Nairobi.

Lakini kuna reli nyingine usiyoiona, na hiyo unatembea nayo. Imo ndani ya seli zako za neva.

Seli ya neva inaweza kuwa na mkia mrefu ajabu. Ule unaotoka uti wa mgongo hadi mguuni hufika karibu mita moja. Vifaa vingi vya kuutunza mkia huo hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha husafirishwa juu ya vijibomba vyembamba vya protini, ambavyo ni sehemu ya kiunzi cha seli. Mzigo wa haraka huenda hadi sentimita 40 kwa siku. Piga hesabu: siku mbili na nusu kufika.

Protini iitwayo tau, iliyogunduliwa Marekani 1975, husaidia kushikilia vijibomba hivyo, kama mataruma yanavyoshikilia reli. Nayo ina swichi. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huipachika fosfeti, ikalegeza mshiko; vingine, fosfatasi, huzibandua fosfeti hizo, ikashika tena. Kazi hiyo ya kupachika na kubandua iliwapa Edmond Fischer na Edwin Krebs Tuzo ya Nobel 1992. Ubongo unaokua unahitaji reli zinazoweza kubomolewa na kujengwa upya, kwa hivyo kulegea kwenyewe si ugonjwa.

Balaa huanza fosfeti zikizidi. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, tau hubeba fosfeti mara tatu hivi ya kawaida. Huachia reli, hujisokota mafundo, mizigo hukwama na seli hufa. Mafundo hayo ndiyo daktari Alois Alzheimer aliyoyaeleza Ujerumani 1906.

Kwa hivyo susu akiuliza swali lilelile mara tano, au akitoka nje usiku asijue njia ya kurudi, usikimbilie kusema amerogwa au ni mchawi. Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo. Mpeleke hospitali apimwe. Baadhi ya visababishi vya kusahau, kama upungufu wa vitamini B12, hutibika.

Na wewe kijana? Kugongwa kichwa mara kwa mara pia huivuruga tau. Imeonekana kwa mabondia. Hadi sasa hakuna dawa ya kurudisha reli iliyong'oka. Ukipanda boda kutoka stesheni hadi nyumbani, itisha helmeti, na uifunge.