Sauti ya Msomaji na Fahamu ya Msikilizaji: Masomo ya Kusikiliza katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu somo la kusikiliza limehesabiwa kuwa kivuli cha kitabu. Maandishi yakiisha kutungwa na kuhaririwa, hudhaniwa kwamba kazi iliyobaki ni nyepesi: kumtafuta mtu mwenye sauti ya kupendeza, kumketisha mbele ya maikrofoni na kumwomba asome. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi, hasa pale lugha ya somo inapokuwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya sarufi ya Kiswahili hubebwa na silabi zisizotiwa mkazo. Msomaji akizimeza silabi hizo, msikilizaji hukaa na pengo, naye hulijaza kwa sarufi aliyo nayo kichwani. Katika mitaa ya Eastlands sarufi hiyo aghalabu si ile inayofundishwa.

Suala hili si geni nchini Kenya. Sauti ya Kenya, iliyojulikana kwa jina hilo tangu 1964 hadi 1989, ilitangaza vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo tangu 2013 imekuwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Umuhimu wa vipindi vya aina hiyo ulidhihirika upya shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Masomo yalipelekwa nyumbani kwa redio, televisheni na mtandao, na wanafunzi wa madarasa mengi hawakurudi shuleni hadi Januari 2021. Kwa mtoto ambaye nyumba yao haikuwa na televisheni wala intaneti, redio ilikuwa ndiye mwalimu mwenyewe. Siku hizi usomaji uliorekodiwa wa hadithi, riwaya na tamthilia za shule husikilizwa kwa simu. Vyombo vimebadilika, lakini swali la msomaji limebaki lile lile.

2. Mahali pa kusikilizia

Msomaji hurekodiwa katika chumba kilichozibwa kelele. Msikilizaji hana chumba cha namna hiyo. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, Umoja na Dandora zikafuata katika miaka ya 1970, Dandora ikiwa mradi wa viwanja uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika mitaa hiyo, na zaidi katika magorofa ya kupangisha ya Kayole na kwingineko, si ajabu jamaa nzima kuishi katika chumba kimoja. Anayesikiliza somo husikiliza pamoja na jiko linalovuma, redio ya jirani, watoto wanaocheza ukumbini, na muziki wa matatu zinazopita chini.

Juu ya hayo kuna udhaifu wa chombo. Kipaza sauti cha simu ni kidogo, na faili la sauti likibanwa mno ili lisile fedha za bando, sauti za masafa ya juu ndizo hukatwa kwanza. Simu ya kawaida kwa desturi hupitisha masafa yaliyo kati ya mizunguko 300 na 3400 hivi kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya kikwamizo [s] hukaa juu ya mizunguko 4000. Irabu husalimika, vikwamizo ndivyo hupotea. Hapo samani na thamani hukaribiana, na shaka ikadhaniwa kuwa saka. Msomaji ambaye hata chumbani mwake hapambanui [s], [th] na [sh], au [dh] na [th] katika dhamini na thamini, anamkabidhi msikilizaji fumbo ambalo chombo kitazidi kulifumba.

3. Mzigo wa silabi dhaifu

Inajulikana kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia kwa kawaida silabi ya pili kutoka mwisho. Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba viambishi vya nafsi, ngeli, wakati na ukanushi hutangulia mzizi, na kwa hiyo mara nyingi hukaa mbali na mkazo. Tuchukue mfano wa somo la afya:

(a) Hatutakunywa maji ya mfereji kabla ya kuyachemsha.
(b) Tutakunywa maji ya mfereji kabla ya kuyachemsha.

Tofauti ya sentensi hizi mbili ni silabi moja, ha-, iliyo mwanzoni kabisa mwa sentensi na isiyo na mkazo. Msomaji anayeanza sentensi kabla pumzi yake haijatulia, au fundi anayekata rekodi karibu mno na mwanzo wa neno, huigeuza (a) kuwa (b). Sentensi inayobaki haina kosa lolote la kisarufi, kwa hiyo hakuna kitakachomshtua msikilizaji. Atakuwa amefundishwa kinyume cha somo, tena kwa Kiswahili safi.

Kutokana na muundo huo, kipimo cha kasi kinachohesabu maneno kwa dakika hakifai kuchukuliwa kutoka Kiingereza bila kurekebishwa. Vitabu vya sauti vya Kiingereza husomwa aghalabu kwa maneno yapatayo 150 kwa dakika. Lakini neno moja la Kiswahili kama hawakuyasikiliza lina silabi nane, na ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi. Msomaji wa Kiswahili anayelazimishwa kufikia hesabu hiyo ya maneno atakimbia, na akikimbia, viambishi ndivyo vitakavyoanguka njiani. Inafaa kasi ya Kiswahili ihesabiwe kwa silabi.

4. Kiimbo, mkazo na kituo

Maandishi yana alama. Sauti ina kiimbo. Sentensi Mwalimu amefika yaweza kuwa taarifa au swali bila kubadilika hata neno moja. Mwandishi huweka alama ya kuuliza mwishoni. Msomaji asipoiona mapema huwa amekwisha kuisoma nusu ya sentensi kama taarifa, kisha huinua sauti ghafla kwenye neno la mwisho, naye msikilizaji asijue aliulizwa au aliambiwa.

Mkazo nao hutenganisha maana katika maneno machache lakini muhimu. Barabára ni njia. Barábara ni sawasawa. Sauti za kompyuta, ambazo sasa zimeanza kutumiwa kusomea matini za Kiswahili, hudhihirisha tatizo hili vizuri: tahajia haitofautishi maneno hayo, na mashine isiyoelekezwa haina njia ya kujua kwa herufi peke yake. Msomaji binadamu anaelewa asomacho. Asipokielewa, hana cha kumzidi mashine.

Kituo, yaani pumziko fupi katikati ya usemi, kina kazi kubwa zaidi. Chunguza sentensi hii: Wanafunzi waliosoma haraka walijibu maswali yote. Kituo kikiwekwa baada ya haraka, kusoma ndiko kulikokuwa kwa haraka. Kikiwekwa baada ya waliosoma, kujibu ndiko kulikokuwa kwa haraka. Mwenye kitabu aweza kurudisha jicho nyuma na kupima maana zote mbili. Mwenye kusikiliza redio hupewa maana moja, iliyochaguliwa na mapafu ya msomaji, wala hana habari kwamba ilikuwapo nyingine.

5. Lafudhi, na suala la Sheng

Eastlands hutajwa na watafiti wengi kuwa ndiko Sheng ilikochipuka au kukomaa. Kwa mtoto wa Jericho au Dandora, Sheng na Kiswahili cha Nairobi ndizo lugha za uwanjani, dukani na ngazini. Mojawapo ya sifa za usemi huo, iliyokwisha kuandikwa sana, ni kupunguzwa kwa upatanisho wa ngeli: kitabu yangu ile imepotea mahali ambapo Kiswahili Sanifu husema kitabu changu kile kimepotea.

Hapa ndipo hoja ya sehemu ya tatu inapopata uzito wake. Msomaji akisoma kitabu changu kile kimepotea huku akizifanya silabi za upatanisho kuwa mnong'ono, mtoto hasikii ch-, ki-, ki-. Husikia kitabu, -angu, -le, -mepotea, na pengo hulijaza kwa yangu, ile na imepotea. Akiulizwa alichosikia, huenda akakirudia kwa sarufi ya mtaani bila kutambua kwamba amebadili kitu. Baadaye mwalimu humsahihisha katika insha na kushangaa kwamba saa nyingi za kusikiliza hazikumfaa. Kilichokosekana si usikivu wa mtoto. Sauti haikumfikishia umbo aliloandikiwa.

Yafuata kwamba kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kumwiga mtaa ili kumpendeza kijana. Kituo kama Ghetto Radio hutangaza kwa Sheng, na kwa kazi yake hiyo ni sahihi. Lakini somo la Kiswahili likisomwa hivyo humrudishia msikilizaji kile alichokuja nacho. La pili ni kujivika lafudhi ya pwani kwa kuigiza, au kusoma kila kitu kwa mlio wa taarifa ya habari. Sauti ya namna hiyo humwambia mtoto wa bara kwamba Kiswahili fasaha ni mali ya watu wengine. Kinachohitajika ni matamshi yaliyo wazi, yanayotenga [l] na [r] ili mahali pasiwe mahari, kutoka kinywani mwa mtu anayesema na wasikilizaji wake kama watu anaowajua.

6. Nafasi ya msikilizaji

Utambaji wa hadithi ulilijua jambo hili kabla ya redio. Fanani anaposema Paukwa! hunyamaza, na hadhira hujibu Pakawa! Kimya kile ni sehemu ya hadithi, kwa sababu ndicho kinachomthibitishia fanani kwamba wapo naye. Mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio ulioendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa ushirikiano na Wamarekani katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 ulitumia kanuni hiyo hiyo, ambayo ilikuwa imejaribiwa katika masomo ya hesabu huko Nicaragua katika miaka ya 1970. Sauti iliuliza, ikangoja watoto wa madarasa ya chini wajibu kwa sauti, ndipo ikatoa jibu. Kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana?, kiliifanya anwani yake yenyewe kuwa swali kwa msikilizaji. Rekodi nyingi za leo, kinyume chake, hukata kila kimya kana kwamba ni takataka.

7. Hitimisho

Ubora wa usomaji, basi, si pambo la somo la kusikiliza. Ndio somo lenyewe, kwa kuwa msikilizaji hana matini nyingine ya kulinganishia. Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. Hati ya msomaji iwekewe alama za vituo, na za mkazo palipo na utata, kabla ya kurekodi. Kasi ihesabiwe kwa silabi. Rekodi ijaribiwe kwa kipaza sauti cha simu katika nyumba inayokaliwa na watu, si studioni tu. Na watoto wachache waombwe kurudia sentensi walizosikia, ili ionekane ni viambishi vipi vilivyofika na vipi vilivyojazwa.

Kazi hizo za kuweka alama na kupima ni za mwanaisimu zaidi kuliko za fundi wa mitambo. Sarufi zetu nyingi zimeeleza mofolojia ya Kiswahili kwa urefu na kiimbo chake kwa kurasa chache. Maadamu hali ni hiyo, msomaji wa vitabu vya sauti ataendelea kubahatisha, na mtoto wa Kayole ataendelea kulipia bahati hiyo katika mtihani.